Kilichojificha Mbele ya Rejeta

Watu wa Kibomet, kiungani mwa Kitale, wakiwa na gari linalochemka huenda kwa Phelista Nakhumicha. Karakana yake ni kibanda cha mabati nyuma ya duka la mbegu, na rejeta za kila aina zimeegemezwa ukutani humo kama magodoro. Phelista huziziba midomo, huzizamisha kwenye pipa la maji, huzijaza upepo, kisha huinama kuangalia mapovu yanatokea wapi. Akiona tundu, hulichomelea kwa risasi ya kuyeyusha na kulisugua mpaka ling'ae.

Wateja wengi hawajui kwamba fundi wao ni mwoga. Mwenyewe haoni haya kulisema, hulisema kama mtu anavyosema ana pumu. Huogopa radi, huogopa mbwa, huogopa kuvuka Nzoia mto ukiwa umefura. Kazi alifunzwa mjini Bungoma na mjomba wake Makokha, na siku za mwanzo tu alimwona mjomba akifungua kifuniko cha rejeta ya trekta kabla haijapoa. Maji yaliruka yakamchuna ngozi ya shingo. Tangu hapo Phelista hafungui kifuniko bila kukifunika kwa gunia lililolowa na kugeuza uso kando, hata kama rejeta imekaa karakanani mwezi mzima. Mafundi wenzake humcheka. Yeye hucheka nao, na gunia haliachi.

Mwaka jana, mvua za masika zikianza, alipigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kama Linah Jerop, mkulima wa huko mlimani, juu ya Cheptais. Alikuwa na lori la jeshi la zamani, Bedford, ambalo marehemu mumewe, Mzee Rotich, alilinunua kwenye mnada wakati magari ya aina hiyo yalipokuwa yakiuzwa yakiwa yamechoka. Lilikuwa limelala bandani miaka mingi. Sasa wanawake wa kikundi chao cha kuuza waru, viazi vya huko mlimani, walikuwa wamelikumbuka, kwa sababu mvua ikinyesha hakuna gari lingine linaloweza kupanda hadi mashambani na kushuka na mzigo. Fundi mmoja wa Chwele alikuwa amefaulu kuamsha injini. Ila lilichemka.

"Si mlilete Kitale?" Phelista aliuliza.

"Litakuja aje, fundi, na linachemka kabla halijafika geti? Wewe ndiyo utapanda."

Phelista hakuipenda safari hiyo. Alikuwa mzaliwa wa Mabanga, kule chini karibu na Bungoma, na ile miaka ya vurugu za mashamba mlimani alikuwa bi harusi mpya. Watu walioteremka wakikimbia walilala makanisani na kwenye jikoni za watu. Yeye na mumewe Levi walimpokea mama mmoja na watoto wake. Watoto wale, lori likipita barabarani usiku, walikuwa wakiamka na kuingia chini ya meza bila kulia. Hilo la kutolia ndilo lilimkaa Phelista moyoni. Hakuwahi kupanda huko juu maishani mwake.

"Hayo mambo yaliisha kitambo, mama Pauline," Levi alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao. "Watu sasa wanalima tu."

Akaenda. Kwa Jerop palikuwa pazuri, boma la nyasi fupi lililozungukwa na mikalitusi, na chini kabisa uwanda wa Bungoma ukionekana wa buluu. Ilikuwa siku ya soko, watu wote wa boma wameteremka Cheptais. Jerop alibaki peke yake, mama mrefu mkavu, leso kiunoni, mchache wa maneno. Alimwonyesha lori, akaenda jikoni kupika chai.

Lori lilikuwa limevutwa likatolewa bandani, likasimama uani na pua yake kubwa imeelekea mlima. Phelista alilizunguka mara kadhaa kabla hajaligusa. Alifungua wavu wa mbele, na akaona kwa nini lilikuwa likichemka. Uso wote wa rejeta ulikuwa umezibwa kwa udongo wa nyigu, makapi ya mahindi na manyoya ya kuku. Pale chini, kati ya rejeta na mhimili wa chuma unaopita mbele ya lori, palikuwa na bonge la matope makavu na matambara. Panya, alijiambia. Panya wamezaa hapo vizazi na vizazi.

Aliweka gunia lake, akafungua kifuniko, akamwaga maji yaliyotoka mekundu kama chai ya rangi. Rejeta yenyewe ilikuwa ya shaba tupu, ya kazi ya zamani, na alifurahi kuiona. Ilihitaji kutolewa, kupasuliwa juu na chini, kuzibuliwa mirija na kuchomelewa upya. Alivua mipira ya maji. Boliti zilikuwa zimeliwa na kutu, akazikata kwa msumeno. Alipomaliza ya mwisho, akiwa amesimama mbele ya lori, aliisukuma rejeta nyuma kidogo kuelekea injini ili sehemu ya chini ijinasue.

Bonge la matope likapasuka. Kipande kikaanguka miguuni pake, na mahali kilipotoka pakaonekana chuma cha mviringo, kijani na kutu, ukubwa wa embe dogo. Juu yake palikuwa na kikono bapa cha chuma. Kikono kile kilikuwa kimebanwa na ukingo wa rejeta, na sasa ukingo ulikuwa umekiachilia. Phelista alikiona kikijiinua. Kilipanda polepole, kama kope ya mtu anayeamka, kikikwaruza kutu.

Picha ya kitu kile alikuwa ameiona zamani kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, imechorwa msalaba mwekundu, na chini yake onyo kwa watoto wasiokote vyuma vichakani. Guruneti. Bomu la kurusha kwa mkono, linalolipuka kikono chake kikiachiliwa.

Hakufikiri. Aliikumbatia rejeta na kuivuta kifuani kwa nguvu zote, na ukingo ukakibana kile kikono tena kwenye mhimili. Akabaki hivyo. Bomu lilikuwa upande wa pili wa chuma chembamba, usawa wa mapaja yake.

Anasema kitu cha kwanza alichosikia ni ukimya, kisha moyo wake mwenyewe ukigonga kwenye shaba. Alitaka kupiga kelele na akaogopa kupiga kelele, kana kwamba sauti ingelitikisa lile bomu. Alinong'ona, "Mama. Mama Jerop." Jikoni moshi ulikuwa ukipanda na sufuria zikilia, hakuna aliyemsikia. Jasho lilimwingia machoni. Mapezi ya rejeta yalikuwa yameanza kumkata mikono.

Kuku akaja, jike jekundu na vifaranga wake. Alikuwa ameyaona yale matope yaliyoanguka, na katika matope mlikuwa na wadudu. Aliparua miguuni pa Phelista, akadonoa, kisha akainua shingo akaangalia bonge lililobaki kwenye mhimili. Phelista alimpulizia kwa midomo. Kuku akaruka juu ya mhimili.

"Wele wangu," Phelista alimwita Mungu kwa lugha ya kwao, na machozi yakaanza kumtoka. "Toka. Tafadhali toka."

Kuku alidonoa mara moja, akadonoa tena, kipande kidogo cha tambara kikachomoka, akashuka nacho akakimbia, vifaranga nyuma yake. Na ndipo simu ikalia mfukoni mwa aproni, ikitetemeka juu ya chuma. Phelista alidhani bomu limelipuka. Alifumba macho akangoja. Simu ikanyamaza, ikaanza tena. Ni Levi, alijua ni Levi, anataka kujua kama amefika salama.

Jerop alitoka jikoni na kikombe mkononi. "Fundi, hiyo simu hushiki?"

"Mama, simama hapo hapo."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile, maana Jerop alisimama mguu mmoja ukiwa mbele.

"Kuna bomu hapa," Phelista alisema. "La mkono. Liko chini ya rejeta. Nikiachilia litalipuka."

Jerop hakuuliza una uhakika gani. Aliinama akaweka kikombe kwenye nyasi taratibu, kama anayemlaza mtoto. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Usiachilie," alisema.

"Siachilii. Ita watu. Lakini wasikaribie."

Jerop alirudi kinyumenyume hadi nyuma ya jikoni, akampigia chifu. Chifu akapiga polisi. Phelista aliachwa na lori. Mikono yake ilikuwa imeanza kufa ganzi kuanzia viganja, na alijua ganzi ikifika kwenye mabega hatajua tena kama ameshika au ameachilia. Alijaribu kuomba kama walivyofunzwa kwao, watu wa kanisa la Friends, kukaa kimya na kungoja. Kimya kilikuwa kimejaa kile kikono kikikwaruza. Akaacha kuomba, akaanza kuhesabu mirija ya rejeta, akasahau amefika wapi, akaanza upya.

Polisi walikuja na gari lao wakaliacha mbali, chini ya mikalitusi. Mmoja wao alipiga kelele kutoka nyuma ya mti.

"Wewe mama! Hilo bomu umelitoa wapi?"

Hilo Phelista hakuwa amelifikiria. Sasa aliona mambo mawili mbele yake, kufa na kufungwa, na hakujua ni lipi linamtisha zaidi.

"Sijalitoa! Nimelikuta!"

"Usisongeshe! Wataalamu wanakuja!"

"Wanatoka wapi?"

Polisi hakujibu upesi. "Wako njiani," alisema mwishowe, na Phelista akaelewa kwamba ni mbali.

Mlimani wingu lilikuwa limeshuka na kugusa msitu. Upepo ulikuja na harufu ya mvua. Mvua ikinyesha, shaba italowa, na mikono iliyolowa haishiki shaba. Magoti yalikuwa yakimtetemeka, na kila yalipotetemeka rejeta nayo ilitetemeka kidogo, na kutoka chini alisikia kutu ikisagika.

"Mama Jerop!" aliita. "Nimechoka. Nitaachilia. Mwambie baba Pauline..." Hakumaliza, kwa sababu hakujua Levi aambiwe nini.

Polisi walikuwa wakimzuia Jerop kule kwenye miti, sauti zao zilimfikia. "Rudi, mama! Wewe, rudi hapa!" Kisha akaona leso ikija kupitia pembe ya jicho. Jerop alikuwa akitembea kuja, bila kukimbia, kamba ya ng'ombe imezungushwa begani.

"Mama, rudi. Tutakufa wawili."

"Nyamaza, msichana wangu. Nionyeshe kamba ipite wapi."

Phelista hakuwa na mkono wa kuonyesha, akaonyesha kwa kidevu. Kamba ipite nyuma ya rejeta, kati yake na feni, izunguke mhimili kwa chini bila kuligusa bonge, irudi, ivutwe. Jerop alilala ubavu kwenye matope, akaingiza mkono wake mrefu kupitia kando. Alikuwa karibu sana hivi kwamba Phelista alisikia pumzi yake. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Huyu naye anaogopa, Phelista alijua, anaogopa kama mimi, na kwa namna fulani hilo lilimfanya aendelee kushika.

"Kipsang wangu alikuwa anapenda kulala ndani ya hili lori," Jerop alisema, akiongea na kamba. "Akiwa kijana. Akigombana na baba yake anakuja kulala hapa."

"Kipsang ni nani?"

"Mtoto wangu. Wakati wa ile shida alienda na watu wa msituni, wale wa bunduki. Ama walimchukua, sijui. Sisi tulikimbilia Bungoma, boma likabaki tupu. Tukarudi, lori lilikuwa hapa. Yeye hakurudi." Alivuta kamba taratibu. "Hiki kitu pengine ni yeye aliweka. Pengine ni mtu mwingine. Sitajua."

Matone ya kwanza yalianza kupiga bati la banda.

Jerop alizungusha kamba mara ya pili na ya tatu, akakaza, akafunga fundo analofungia ng'ombe wakati wa kukamuliwa. Alilijaribu kwa kidole.

"Imeshika. Achilia."

"Siwezi."

"Achilia kidole kimoja."

Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka. Jerop alisimama kando yake, akashika kiganja chake cha kulia, akakifungua kidole baada ya kidole, kama mtu anavyofungua mkono wa mtoto aliyelala na kitu. Rejeta ilisogea. Wote wawili waliacha kupumua. Ilisogea upana wa ukucha, kamba ikalia, ikashika.

Kisha mkono wa kushoto. Kisha hatua nyuma, na nyingine. Phelista anasema mwendo ule kutoka kwenye lori hadi kwenye mikalitusi ndio mrefu kuliko safari zote alizowahi kwenda, kwa sababu alikuwa ameligeuzia bomu mgongo. Alipofika kwenye miti aliketi kwenye matope, na Jerop akaketi karibu naye, na mvua ikawanyeshea bila yeyote kuwaondoa.

Wataalamu walifika alasiri. Mkubwa wao, jamaa mpole aitwaye Gathogo, alilitazama lori kwa darubini, akavaa nguo nzito kama godoro, akaenda, akarudi. Alisema pini ya usalama ilikuwa imekwisha kabisa kwa kutu na hawezi kulichomoa lile bomu salama. Wakapanga mifuko ya mchanga, wakafunga waya mrefu, wakamwambia kila mtu alale chini. Phelista alilala uso kwenye nyasi na vidole masikioni. Hata hivyo aliusikia mlio huo kwa meno. Mabati ya nyumba yalilia, kunguru wote wa mlima wakaruka, na moshi ulipoondoka pua ya lori ilikuwa imefunguka na ile rejeta nzuri ya shaba imechanika kama kabichi. Kama lingalilipuka mikononi mwake, Gathogo alisema, halafu akamwangalia usoni, akaacha sentensi hapo.

Polisi walimpeleka Bungoma pamoja na Jerop kuandikisha maelezo. Waliulizwa mambo yale yale kwa njia nyingi, nani aliliweka, nani alijua, na kila mlango ulipofungwa Phelista alidhani haufunguki tena. Jerop alijibu kila swali kwa sauti ile ile: boma lilikuwa tupu, watu wengi walipita. Jina la mwanawe alilitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Levi alipokuja kuwachukua wote wawili, Phelista alishindwa kupanda kiti cha mbele cha gari. Alikaa nyuma, mkono wake ndani ya mkono wa Jerop, hadi Mabanga kwa mama yake, ambako walilala.

Baada ya hapo alirudi Kitale lakini kazi haikurudi naye. Alikaa karakanani akizitazama rejeta za watu. Kuingiza mkono mahali asipopaona kulimshinda. Kifuniko cha sufuria kikianguka kwa jirani, alijikuta amelala sakafuni. Mapema asubuhi Levi alimkuta mara nyingi ameketi kitandani amekumbatia mto, amekaza, mishipa ya shingo imemsimama, na ilibidi amfungue vidole. Wateja wakaanza kwenda kwa fundi wa mjini.

Siku moja Jerop alitokea Kibomet na gunia la waru. Hakusema lolote kuhusu lori. Alisaidia kumenya, akala, akaulizia Pauline na masomo yake. Alipokuwa akiaga ndipo Phelista alipouliza mwenyewe.

"Mmeipata rejeta nyingine?"

"Bado. Waru zingine zimeoza shambani. Lakini si kazi yako hiyo, msichana wangu. Wewe pumzika."

Phelista alikaa na neno hilo siku kadhaa. Kisha akaenda Bungoma, kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu alioujua tangu enzi za mjomba, na akapata rejeta ya lori kuukuu iliyokaribiana kwa upana. Hakuigusa mpaka mwenye uwanja alipoigeuza pande zote mbele yake. Aliifanyia kazi kwa muda mrefu kuliko kawaida, mlango wa karakana umeachwa wazi kabisa, na mara nyingine ilimbidi atoke nje kwanza asimame juani. Alibadilisha midomo ya mipira, akachomelea masikio mapya ya boliti, akaizamisha kwenye pipa. Hakuna povu hata moja.

Cheptais alipanda na Levi. Pua ya lori ilikuwa imegongwagongwa na kunyooshwa na wachomeleaji. Phelista alilikagua kwa tochi na kioo, chini, kando, nyuma ya mhimili, ndani ya kila tundu, mpaka Levi akachoka kushika tochi, na Jerop hakumharakisha. Kisha akaipachika rejeta na kukaza boliti moja moja. Wanawake wa kikundi walisimama mbali, kwa sababu aliwaomba wasimame mbali.

Injini ilipowaka alirudi nyuma ya jikoni na kuchungulia. Mshale wa joto ulipanda, Levi akiusoma kwa sauti kutoka ndani. Ukafika katikati. Phelista alishika ukuta. Ukabaki katikati. Walilingoja lori lingurume muda mrefu, na ardhi ya chini yake ikabaki kavu.

Walipakia waru wakicheka, na Jerop akamfungulia Phelista mlango wa mbele, kiti cha heshima, ashuke nao mpaka barabara ya lami kule Chwele. Phelista alikiangalia kile kiti, na ile pua mbele yake.

"Asante, mama. Mimi nitakaa huku."

Akapandishwa nyuma kabisa, juu ya magunia, na huko ndiko alikokaa mpaka Chwele, ameshika kamba kwa mikono miwili.